Kenda na Wenye Kukidharau Kiswahili

Wapo wasomi wasemao kwamba Kiswahili ni lugha ya ushairi na ya sokoni, wala hakina nguvu ya kubeba hisabati ya juu. Hoja waitegemeayo ni kuwa Mswahili hata kuhesabu alifundishwa na wageni, kwani sita, saba na tisa ni maneno ya Kiarabu. Hoja hiyo yafaa ipimwe kwa namba moja tu, nayo ni kenda.

Kenda ni neno la Kibantu, nalo lilitangulia tisa. Hata leo mfugaji wa Kisukuma aliyehamia Mpanda, ahesabupo ng'ombe wake kwa lugha ya kwao, husema tandatu, mpungate, nane, kenda. Na fungate ya maarusi wa pwani ni siku saba za asili hiyo hiyo. Basi tisa haikuja kujaza pengo, bali ilimkuta mwenyeji nyumbani. Na kama kukopa neno ni dalili ya kukosa akili, Kiingereza nacho kijibu, maana jina lake la sifuri limetoka katika neno lile lile la Kiarabu.

Lasalia swali lililo kubwa zaidi: je, lugha hii yaweza kueleza sababu, si kutaja namba tu? Methali husema kenda karibu na kumi, na siri yote imo katika ukaribu huo. Kumi ni kenda na moja. Mia ni tisini na tisa na moja. Elfu ni mia tisa tisini na tisa na moja. Kila mojawapo ikigawanywa kwa kenda hubakiza 1. Mathalan, magunia 4,572 ya mahindi yangojea mabehewa 9 katika stesheni ya Mpanda. Elfu 4 zabakiza 4, mia 5 zabakiza 5, makumi 7 yabakiza 7, na yapo 2 ya pembeni. Jumla ya masalio ni 18, nayo yagawanyika kwa kenda. Kwa hiyo kila behewa litapata magunia 508 kamili. Karani akikosea akaandika 4,752, kipimo hicho hakitamwumbua, kwa kuwa tarakimu ni zile zile. Lakini tofauti ya 180 yagawanyika kwa kenda, na tofauti ya namna hiyo humwonya mkaguzi kwamba huenda tarakimu mbili zimepishana.

Ni wapi hapo Kiswahili kilipokwama? Kanuni imetajwa, sababu imeonyeshwa, na mpaka wake umewekwa. Ati istilahi hazitoshi! Namba tasa, shufwa, witiri, kigawo na kipeuo zimo vitabuni tayari. Zilizobaki zitazaliwa kwa kutumiwa, si kwa kungojewa.

Mwenye kupata hasara ni mtoto. Katika shule ya msingi ya serikali, huko Mpanda au Mlele, huelewa hesabu kwa Kiswahili. Akiingia sekondari huikuta namba ile ile imevaa Kiingereza, na akinyamaza huambiwa hana kichwa cha hesabu. Kiingereza na kifundishwe, tena vizuri, kama lugha. Lakini kumpima mtoto Kiingereza kisha kumwandikia alama ya hisabati ni kosa la mizani. Na mizani ikiwa mbovu, halaumiwi aliyeleta mahindi.