Julai 25, someni majina

KIBARAZANI
Na Bakari Semkiwa

Utaratibu wa Julai 25, Siku ya Mashujaa, tunaujua kwa moyo. Rais ataweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi ataweka sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mshale, na mwakilishi wa wazee waliopigana vita ataweka shoka. Tarumbeta italia, viongozi wa dini wataomba dua, gwaride litaondoka, na sisi tulioketi chini ya maturubai tutatafuta usafiri wa kurudi nyumbani. Mimi si katika wanaoibeza shughuli hiyo. Ina heshima yake, na siku nyingine za kitaifa zingejifunza kwake namna ya kufupisha hotuba. Nina dai moja tu. Tunasema "mashujaa wetu" mara nyingi mno, na majina yao hatuyasikii.

Huku mitaani hatufanyi hivyo. Ukisoma hitima, marehemu unamtaja kwa jina lake na la mzazi wake. Ukitoa nia ya misa, unamwandikia padri jina kwenye karatasi, na padri akilikosea kulitamka, shangazi wa marehemu atamfuata sakristia. Hakuna familia inayowaombea "marehemu wetu" kwa jumla ikaridhika. Kwa nini taifa liridhike?

Mazoea haya ya kutotaja majina tumeyarithi, na aliyeturithisha anajulikana. Nenda pale Posta, kwenye Sanamu ya Askari. Iliwekwa mwaka 1927 kwa ajili ya Waafrika waliopigana na kubeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza, mahali ambapo zamani Wajerumani walikuwa wamesimamisha sanamu ya gavana wao Wissmann. Maandishi yake yapo kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yanawasifu askari, yanawasifu wapagazi, yanaahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Lugha tatu, na hakuna jina la mtu hata mmoja.

Aliyetunga maneno yale ni Rudyard Kipling, mshairi wa dola ya Waingereza, na hapa ndipo kisa kinaponichoma. Kipling alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, John. Kijana aliuawa Loos, Ufaransa, mwaka 1915, akiwa na miaka 18, na mwili wake haukutambuliwa. Baba alihangaika miaka mingi kumtafuta. Alihoji askari waliorudi, aliandika barua, alizunguka hospitali, na baadaye akaitumikia tume ya Waingereza ya makaburi ya vita kama mshauri wa maandishi. Tume ile ilikuwa na msimamo wa kusifika kwamba kila aliyekufa atajwe kwa jina, tajiri na maskini, jenerali na kuruta, kwa mawe ya ukubwa uleule. Julai 24, 1927, mwaka uleule wa Sanamu ya Askari, ilizinduliwa Menin Gate kule Ypres, Ubelgiji, ikiwa na majina zaidi ya 54,000 ya watu ambao makaburi yao hayajulikani. Majina 54,000 kule. Huku kwetu ikatosha sanamu ya shaba.

Haikuwa kwa sababu waliokufa huku walikuwa wachache. Kampeni ya Afrika Mashariki ilipita kwenye nchi ya mbung'o, farasi na nyumbu wakafa kwa maelfu, na kilichobaki cha kubebea risasi, unga na wagonjwa kilikuwa kichwa cha mwanadamu. Wanaume walikusanywa vijijini, wengi kwa nguvu. Wale waliopitia Dar es Salaam walilala Kariakoo, ambako Waingereza waligeuza jengo la soko la Wajerumani kuwa kambi. Kwa upande wa Waingereza peke yao, makadirio ya wapagazi waliokufa yanakaribia 100,000. Risasi iliwaua wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, kichomi, malaria na njaa. Vita ilipokwisha, gavana wa Tanganyika, Horace Byatt, aliona ni afadhali makaburi makubwa ya wapagazi ya Dar es Salaam na kwingineko yaachwe yarudi porini upesi. Yakarudi. Juu ya mengine leo pengine kuna maduka na vyumba vya kupangisha.

Ilichukua karibu karne nzima kwa wenyewe kukiri. Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikisema wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao Waafrika Mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni. Nilisoma magazeti yetu wiki ile. Tuliwasema sana Waingereza, na walistahili. Ila hakuna aliyegeuza swali upande wetu.

Sisi tuna vita vyetu, na waliokufa si wa zamani zile. Amin wa Uganda alivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Mwalimu Nyerere alihutubia Novemba 2, na hotuba ile hata watoto wa shule wanaijua vipande. Jeshi lilipanuka haraka kwa kuingiza mgambo, polisi, magereza na vijana wa JKT. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Hesabu iliyotolewa na serikali ni wanajeshi 373 waliokufa, na kati yao 96 tu ndio waliouawa katika mapigano. Waliobaki waliuawa na ajali na maradhi.

Hiyo 96 irudie. Maana yake, kwa kila nyumba moja ambayo kijana wao aliuawa na adui, kuna karibu tatu ambazo kijana wao alikufa kwa lori lililopinduka au kwa homa. Mjomba wangu, ndugu wa mama, alikuwa mgambo, na alikuwa mmoja wa hao wa malori. Kwetu jambo hili lilizungumzwa kwa sauti ya chini miaka mingi. Wapo wazee wa ukoo waliosema wazi kwamba yule hakufa vitani, alikufa barabarani, na wakati wa matanga kulikuwa na ubishi kama aitwe shujaa au aitwe marehemu tu. Bibi yangu hakubishana na mtu. Aliendelea kumwita "mwanangu aliyekwenda kumpiga Amin", na sijui kama kuna mwanasheria angeweza kulisema vizuri zaidi. Aliitwa, akaenda, hakurudi. Lori lile lingekuwa linafanya nini kule kama si vita?

Wapo waliozikwa kwa heshima za kijeshi Kaboya, Muleba. Wapo waliofia Msumbiji, mabaki yao yakaletwa Naliendele, Mtwara. Wapo walinda amani wa Darfur, wanajeshi saba kwa siku moja Julai 2013, na wa Semuliki, Kongo, Desemba 2017, ambao majeneza yao tuliyaona kwenye televisheni. Jeshi linao utaratibu wa kuzika, na linaufanya vizuri. Lakini Kaboya ni mbali kwa mjane wa Newala, na Naliendele ni mbali kwa mama wa Tarime.

Ndiyo maana nasema yasomwe. Ukitoa sekunde tano kwa kila jina, majina 373 ni nusu saa na ushei. Tumekaa juani kwa muda mrefu zaidi tukimsubiri mgeni rasmi aliyechelewa. Na kama kwenye mnara wa Mnazi Mmoja au wa Dodoma itaonekana ni mengi, kila mkoa usome ya watu wake, jina, kijiji na mwaka, bila kutenga aliyekufa kwa bomu na aliyekufa kwa kichomi. Babu mzaa baba alikwenda Burma na Keya, jeshi la wakoloni, katika Vita Kuu ya Pili, akarudi. Wenzake wasiorudi na wasiojulikana walikozikwa, hata wakoloni walikuwa wameanza kuwaandika: kwenye mnara wa Taukkyan, nje ya Rangoon, kuna majina karibu 27,000, na ya Waafrika yamo.

Nimeambiwa na mtu mmoja wa serikalini kwamba orodha itakuwa na makosa, majina yatakosewa herufi, na familia zisizokuta watu wao zitalalamika. Zilalamike. Familia inayokuja kulalamika imekuja na jina sahihi, jina la kijiji, pengine na picha. Kila wilaya ina Mshauri wa Mgambo, ofisi anayo na meza anayo. Apewe orodha ya wilaya yake na daftari la kusahihishia, miezi mitatu kabla ya Julai. Wazee wenye nishani watakuja wenyewe. Wajane, wengi wao sasa hawaoni vizuri, itabidi mtendaji wa kijiji awafuate nyumbani, na aende na kalamu.