Ushauri wa Lishe Uanzie Jikoni mwa Pangani

Mgonjwa wa shinikizo la damu anapoambiwa kliniki ale mlo kamili, mara nyingi hurejea nyumbani akiwazia matufaha na maziwa ya pakiti, vitu ambavyo mfuko wake hauvimudu. Kwa mkazi wa Pangani jambo hilo linasikitisha zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya anachokihitaji ipo shambani na baharini kwake.

Tuutazame mlo wa kawaida wa mwambao huo: ugali au muhogo, kisamvu au mchicha, kunde au mbaazi, na samaki. Dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao huupa mwili protini na kalisi. Majani ya kijani huleta vitamini A, ambayo mwili huipata vyema penye mafuta kidogo, kama yale ya tui. Ndimu husaidia kufyonzwa kwa madini ya chuma yaliyomo katika majani na kunde. Hata kukitwanga kisamvu na kukichemsha kwa muda mrefu kuna hekima yake, kwani ndiko kupunguzako sumu ya sayanaidi iliyomo katika majani mabichi ya muhogo.

Simaanishi kwamba kila cha kale ni dawa. Tui zito lina mafuta yanayopandisha lehemu. Ng'onda hubeba chumvi nyingi, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chumvi isiyofikia gramu 5 kwa siku. Basi mgonjwa na aelezwe kwa lugha ya jikoni: tui liwe jepesi, ng'onda alowekwe na maji yake yamwagwe, na samaki mbichi atangulizwe apatikanapo. Ushauri wa namna hiyo hutekelezeka.

Lakini mapishi hayadumu pasipo mazao. Mwaka 2010 UNESCO ilipouingiza mlo wa Mediterania, ukiwamo wa Hispania, katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, ilitaja pia kilimo na uvuvi unaoulisha mlo huo. Kwetu, uvuvi wa baruti umevunja matumbawe ya mwambao wa Tanga kwa miaka mingi, na ugonjwa wa kunyong'onyea umeua minazi mingi ya pwani. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyoanzishwa mwaka 2009, yafaa ihesabiwe pia kuwa kinga ya afya, kwa sababu tumbawe likifa, kitoweo cha mtoto hupungua.

Napendekeza, kwa hiyo, wataalamu wa lishe waketi na akina mama wapishi wa Pangani, wapime tui na chumvi kwa kata na vijiko vyao wenyewe, kisha waandike mwongozo utakaotumika katika zahanati za wilaya. Katika kazi hiyo, mwenye chungu awe mwalimu mwenzetu.