Jmosi saa 10, njoo na kamera

Ujumbe uliingia Jumatatu asubuhi, nikiwa kwenye daladala: "Jmosi saa 10. Singer old. Njoo na kamera." Anayeandika hivyo ni rafiki yangu wa Magomeni, mtu ambaye hajawahi kumaliza sentensi kwenye simu. Nikaelewa kuna mwimbaji mkongwe kwao, labda shangazi aliyewahi kuimba taarabu, na ukoo unataka kumbukumbu. Nikaazima lenzi ndefu, ile nyeupe inayovuta mbali, na wiki nzima nikaitumia kujinoa.

*

Alhamisi usiku nikaenda nayo harusini, kwenye ukumbi wenye taa za rangi. Taa hizi za kisasa ni adui. Ile nyekundu ikimwangukia mwimbaji usoni, kamera inalewa: shavu linageuka kipande cha nyanya, pua haionekani ilipo. Dawa ninayoijua ni kupunguza mwanga kwenye kamera kuliko inavyotaka yenyewe, kisha kuvumilia hadi taa igeuke njano. Baadhi ya taa hizo pia zinapepesa upesi kuliko jicho linavyoona. Ukiharakisha kamera kupita kiasi, picha inatoka na mistari myeusi kama shati la mfungwa. Nilibaki kwenye 1/200 ya sekunde na kumwomba mwimbaji, kimoyomoyo, asirukeruke. Hakuruka. Mwimbaji wa taarabu aliyefundwa hasogei sana. Anayetembea ni mkono wenye leso.

Taabu ni kinywa. Wapiga picha wengi hufyatua ovyo, kisha nyumbani wanachambua picha mia nne za mtu aliyefumba midomo nyuma ya maikrofoni. Kwetu lugha imeturahisishia kazi na hatuna habari. Karibu kila neno la Kiswahili linaishia na irabu, na mwimbaji wa taarabu anaivuta irabu ya mwisho mpaka ukumbi uitikie. Ukiwa na sikio la vina unajua mapema kinywa kitafunguka lini. Ubeti wa kwanza sikupiga kitu, nilisikiliza tu kina kinaangukia wapi. Kilikuwa cha "-ma". Basi kila mstari ukikaribia mwisho, midomo inakutana kwenye "m", unashusha pumzi, halafu "a" inafunguka na wewe umo ndani. Vina vya "-u" nawaachia wengine. Mtu anaonekana anapuliza chai.

Ubeti wa tatu akina mama wakaanza kwenda kutunza. Mbele yangu kukajaa migongo, vilemba na noti za elfu kumi zinazopepea. Zamani ningekasirika. Safari hii niliiacha migongo ndani ya picha, na kati ya bega na bega uso wa mwimbaji ukapatikana, macho yameinama kuangalia kiganja kinachopewa pesa huku sauti inaendelea kama hakuna lililotokea. Ndiyo picha pekee ya usiku ule niliyoichapisha.

Nikiwa njiani kurudi nilimfikiria Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyevuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri. Sauti yake ipo. Picha zake nilizowahi kuziona ni za mtu aliyetulia mbele ya kamera. Sijawahi kuona hata moja inayomwonyesha akiwa katikati ya neno.

*

Ijumaa, bado najinoa, nilipita Ilala kwa mzee mmoja mwenye Peugeot 404 ya kijivu. Alikuwa ameiosha, ameipaka nta, ameikausha kwa kanga ya mkewe. Nikamwambia ukweli: mzee wangu, umeniharibia. Gari la aina hii lilishinda mbio za Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na mwaka 1968 yaliyofika mwisho yalikuwa magari 7 tu kati ya yote yaliyoondoka. Mengine yalibaki kwenye tope na mashimo ya Afrika Mashariki. Gari la namna hiyo kulipiga picha likiwa linameta kama kijiko cha mgeni ni kulisingizia.

"Gari chafu unalipiga picha ya nini?" akaniuliza. Hatukuafikiana, na gari ni lake.

Kwa atakayejaribu: usipige saa sita. Jua la Dar linasimama utosini, paa linang'aa na ubavu wote unakuwa kiza. Ngoja saa kumi na mbili kasoro, chuchumaa hadi jicho lako liwe sawa na taa za mbele, na zile pembe mbili za nyuma zitajitokeza zenyewe. Kichujio cha kukata mng'ao kitakuondolea mwanga kwenye kioo na kwenye rangi. Kwenye bampa la kromu hakisaidii kitu. Mle nimo mimi, mfupi, tumbo kubwa, nimeshika kamera kama mwizi aliyekutwa na kuku.

*

Jumamosi saa kumi kamili nikabisha hodi Magomeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita, ipo huku ndani. Nimeshaifuta."

Ipo. Nimeshaifuta. Hapo ndipo nilipojua. Laiti kijana wake angeandika "wa zamani" au "ya zamani", herufi moja ya upatanisho ingeniokoa. Chumbani, chini ya dirisha, kulikuwa na cherehani ya miguu, nyeusi, SINGER kwa herufi za dhahabu.

Chumba chenyewe hatua tatu kwa tatu. Lenzi niliyoazima haioni kitu kilicho karibu kuliko mita moja na kitu, na ikishaona, inaona kipande tu. Nikarudi nyuma hadi ukutani. Nikatoka hadi kwenye ukumbi wa nyumba. Mwisho nikasimama nje, barazani, nikapiga kupitia dirishani, watoto wa mtaa wamenizunguka wakiuliza ndani kuna nani.

Lakini umbali ule ulinifaa. Kwenye kitako cha mashine kumechorwa simba mwenye uso wa mtu, yule wa Misri, kwa dhahabu. Upande wa gurudumu yupo mzima, bawa hadi unyoya. Upande wa mshonaji hayupo: dhahabu imeliwa, rangi nyeusi imeliwa, kinachong'aa ni chuma, na kipara chenyewe kina umbo, kama ulimi, kikianzia penye sindano na kupanuka kuja ukingoni. Ni njia ya kitambaa. Mwanga wa dirishani uliingia kwa ubavu na kila mchubuko ukatoa kivuli chake. Namba yake inaanza na F, mojawapo ya herufi zilizopewa kiwanda cha Clydebank, Uskoti. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1980, ila treni za huko bado zinasimama kwenye kituo kinachoitwa Singer.

Mama alitaka kujua kama ipo rangi ya dhahabu ya kuzibia pale palipochubuka. Kuna fundi kamwambia inawezekana. Nikamsihi asithubutu. Akaniangalia kama yule mzee wa Ilala alivyoniangalia.

Nilikwenda kuzichapisha picha jioni ileile na kumrudishia kumi na mbili: kipara, bawa, sindano, uzi mwekundu kwenye bobini, mkanda wa ngozi uliounganishwa kwa waya. Akazipanga mkekani moja moja. Akaweka kidole kwenye kile kipara.

"Hapa ni kola," akasema. "Kola ndiyo inayogeuzwa sana. Sare za shule."

Akazipitia tena zote, taratibu, mpaka ya mwisho, kisha akazigeuza kuona kama kuna nyingine nyuma.

"Na mimi niko wapi?"

Nilikuwa nimemwomba asogee, alikuwa ananizibia mwanga. Jumamosi ijayo narudi. Keshaniambia atavaa lile gauni la Idi, na mimi nije na lenzi fupi.