Desemba ni ya Nyumbani, Twendeni Pwani Agosti

Tuseme ukweli mapema: kwa familia ya Nuu iliyo na vijana wa sekondari, Desemba ndio mwezi mbaya zaidi wa kwenda Mombasa. Tunajua wengi hamtakubali. Desemba ndio shule zimefungwa muda mrefu, ndio picha za ufuo zimejaa kwenye status za WhatsApp, na ndio kijana wako wa miaka 15 anauliza kwa nini kila mwaka yeye ni kupalilia tu. Lakini sisi tunaoshughulika na malipo ya simu tunaona likizo nyingi huharibika siku ya kuchagua tarehe, hata kabla shilingi moja haijatoka.

Hebu tuangalie kalenda yetu wenyewe. Huku Ukambani, mvua tunayoitegemea zaidi ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Krismasi ikifika, ndengu ziko shambani na palizi haijaisha. Pesa imeshaenda kwa mbegu, kwa kulimiwa na kwa vibarua, na bado haijarudi. Itarudi kuanzia Januari na Februari, tukishavuna na kuuza. Kwa hivyo anayesafiri Desemba anasafiri na pesa ambayo bado ni maua.

Halafu inakuja Januari, ile tunayoiita Njaanuari. Mwongozo wa serikali wa kulipa ada za shule za bweni ni asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili na 20 wa tatu. Chukua shule ya kitaifa yenye ada ya shilingi 53,554 kwa mwaka. Januari unadaiwa 26,777. Muhula wa tatu, unaoanza mwisho wa Agosti, unadaiwa kama 10,711. Ukiwa na watoto wawili huko, Januari peke yake inameza 53,554, na hapo hatujahesabu sare, vitabu na nauli ya kuwarudisha. Mzazi aliyetoka Pwani tarehe 30 Desemba atazitoa wapi? Wengi wanajibu kwa mkopo wa simu. Mkopo una kazi yake, lakini kukopa ada kwa sababu ya samaki wa kupaka uliyemla wiki iliyopita si mpango.

Wenzetu wa mbali waliliona hili zamani. Uswidi, sheria inampa mfanyakazi siku 25 za likizo kwa mwaka, na haki ya kupumzika wiki nne mfululizo kati ya Juni na Agosti. Kwa nini miezi hiyo? Kwa sababu ndio kiangazi chao kifupi, jua liko na shule zimefungwa. Walipanga likizo kufuata msimu wao. Sisi sheria yetu ya ajira ya 2007 inatoa angalau siku 21 za kazi, lakini msimu tumeazima wa watu wengine.

Msimu wetu sisi ni Agosti. Shule hufungwa kama wiki tatu, shamba limekauka, hakuna cha kupalilia. Pesa ya ndengu ilishaingia, na kuna miezi ya kutosha ya kuweka kidogo kidogo. Wenye nyumba za kukodi Pwani hawana presha ya Krismasi, kwa hivyo bei inaongeleka. Kasoro zipo: kusi inavuma na bahari inaweza kuchafuka, na huku nyumbani mifugo inahitaji maji, kwa hivyo lazima mkubaliane na jirani mapema. Lakini hizo ni shida za kupanga. Ada ya Januari haipangiki ikiwa pesa haipo.

Sasa tuongee juu ya vijana, maana hapa ndipo wazazi wengi hutofautiana nasi. Tunasema hivi: waonyesheni hesabu. Si kuwaambia tu "hatuna pesa", bali kukaa nao na kuwaonyesha kiasi kilichopo, ada inayokuja na kinachobaki. Mzazi atasema vijana hawajui pesa, wataitisha hoteli ya nyota tano, na siri za nyumba zitafika sokoni. Inawezekana. Lakini kijana asiyejua hesabu ndiye huitisha vikubwa, kwa sababu anadhani unamnyima tu. Huku kwetu tunajua mwethya: kila mtu anakuja na jembe lake. Likizo nayo iwe hivyo. Mmoja atafute usafiri, mwingine nyumba, mwingine chakula na mahali pa kutembea, na kila mmoja apewe kikomo asichopita.

Tufanye mfano. Familia ya watu watano, wazazi wawili na vijana watatu, imekubaliana kutumia shilingi 36,000. Kutoka Februari hadi Julai ni miezi sita, yaani 6,000 kwa mwezi, au karibu 1,400 kwa wiki. Weka kwenye akiba iliyofungwa hadi tarehe mnayotaka, siyo kwenye salio la kawaida ambapo pesa ya likizo na pesa ya sukari zinakaa chumba kimoja. Siku ya soko ukiuza mbuzi au kuku, toa fungu la safari hapo hapo kabla hujafika nyumbani.

Aliyepewa usafiri atagundua jambo haraka. Kwenye treni ya SGR, mtoto wa miaka 3 hadi 11 analipa nusu. Kuanzia 12 ni mtu mzima. Nauli ya daraja la kawaida Nairobi hadi Mombasa ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 Januari 2024, kwa hivyo hao watano ni 7,500 kwenda na 7,500 kurudi. Hiyo ni 15,000 kati ya zile 36,000. Lakini kwa nini mtu wa Nuu azunguke Nairobi? Barabara ya lami sasa inatoka Kitui kupitia Mutomo hadi Kibwezi, na treni ya asubuhi kutoka Nairobi husimama Kibwezi, na nauli ya kutoka hapo ni nafuu kwa sababu safari ni fupi. Kijana akae chini alinganishe njia zote mbili, akijumlisha matatu ya kwenda stesheni na ile ya kutoka Miritini hadi mjini. Tiketi ikatwe mapema kwa simu, na vyeti vya kuzaliwa visisahaulike.

Wa matembezi naye ataona kwamba Pwani ina vitu vingi vya bei ndogo. Kuvuka Likoni kwa feri ukitembea kwa miguu ni bure. Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta hauna kiingilio. Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593 na ambayo UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia 2011, ni somo la historia ambalo hakuna kitabu kitalishinda.

Yule wa nyumba ndiye tunamwogopea. Matapeli wanapenda sana familia zinazotafuta nyumba kwa mtandao. Picha ni nzuri, bei ni ya chini, halafu unaambiwa utume nusu haraka kwa sababu "kuna mtu mwingine anaitaka". Usitume kwa haraka. Omba kulipa kwa Till au Paybill ya biashara, na kabla ya kukamilisha malipo soma jina linalotokea. Jina lisipofanana na la unayeongea naye, acha. Ukiwa na ndugu au mtu wa kanisa lenu anayeishi Mombasa, mwombe aende aione nyumba kwa macho.

Na neno moja ambalo tunalisema bila kumung'unya: kumshirikisha kijana kwenye bajeti si kumpa PIN. Nyumba nyingi, kijana ndiye anamsaidia mzazi au susu kutuma pesa, na PIN anaijua kama jina lake. Badilisha PIN kabla ya safari. Mpe kila kijana pesa yake ya siku, hata kama ni shilingi 200, aitunze mwenyewe. Ikiisha saa nne asubuhi, imeisha.

Desemba basi tuiache ibaki ya nyumbani. Watu watoke Nairobi, tupalilie pamoja, tuchinje mbuzi, watoto wakae na susu. Na Januari ada ikilipwa bila mkopo, hapo ndipo muite vijana mezani muanze hesabu ya Agosti.