Kura za Beni na uongo tuliojiambia juu ya Ebola

Vijana wa Kampene, tusijidanganye. Desemba 2018 CENI ilisogeza uchaguzi wa Beni na Butembo mpaka Machi 2019, eti juu ya Ebola na usalama mubaya. Januari Rais mupya akaapishwa, kura zao hazimo. Hasira yao ilikuwa ya haki. Lakini wengi wakaruka: serkali ikisema Ebola iko, basi haiko! Kituo cha kupokea wagonjwa Beni kikavamiwa. Na Ebola ilikuwa kweli, iliua watu zaidi ya 2,200 Kivu Kaskazini na Ituri.

Siye pia tuko hivyo. Mtu akitaja mpox hapa, tunauliza kwanza ni wa chama gani. Tuulize vipimo viko wapi, na chanjo itafika lini.