Toleo likishatoka, likaguliwe

Wanafunzi wanaoendesha magazeti na redio za vyuo hukesha kuandaa toleo, na likishatoka wanakimbilia lijalo. Hapo ndipo kazi inapoharibika, kwa kuwa makosa yasiyotazamwa hujirudia wiki baada ya wiki.

Nchini Marekani, magazeti ya wanafunzi kama The Harvard Crimson, lililoanza mwaka 1873, na Yale Daily News la mwaka 1878, yamedumu zaidi ya karne. Katika baadhi ya vyumba vya habari vya vyuo vya huko, toleo lililokwisha kuchapwa husomwa upya, kalamu nyekundu mkononi. Kichwa cha habari kimeahidi jambo ambalo habari yenyewe haina? Aliyelaumiwa alipigiwa simu? Jina la mhadhiri limeandikwa sawasawa? Anayekagua hamwonei haya hata mhariri mkuu.

Ukaguzi huu una uzito wa pekee chuoni, kwa sababu waandishi huhitimu. Wenye uzoefu wakiondoka bila kuacha daftari la makosa na maamuzi yao, wanaoingia huanza upya kabisa.

Vyuo vya Afrika Mashariki vinavyofundisha uandishi wa habari vitenge walau saa moja ya tathmini baada ya kila toleo au kipindi. Mhadhiri ahudhurie kama mshauri, asigeuke mlinzi wa kuzuia habari zinazoukera utawala. Na kosa likibainika, sahihisho litoke ukurasa uleule uliobeba habari, kwa maandishi yanayoonekana.