Gari la Mjomba Gurumo

Mwezi huu naomba tuwaache kidogo hao wapenzi wetu wanaotunyima usingizi. Nataka tuongee habari ya kumpenda mtu akiwa bado anapumua.

Aprili 2014 nilikuwa chuo, nasoma mawasiliano, najiona najua kila kitu. Jumapili moja baba akanipigia simu, sauti imekauka. "Gurumo amefariki." Nami kwa ujinga wa ujana nikamuuliza, "Gurumo yupi tena baba?" Akanyamaza. Halafu akakata simu. Na baba yangu hakuwa mtu wa kukata simu, jamani.

Kwa mdogo wangu ambaye naye angeuliza hivyo hivyo: Muhidin Maalim Gurumo alikuwa mwimbaji wa muziki wa dansi, mzaliwa wa Masaki, Kisarawe, na wenzake walimwita Mjomba. Mwaka 1964 alikuwa Nuta Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, ile ile iliyokuja kuitwa Juwata, kisha OTTU, na baadaye Msondo Ngoma. Baba alikuwa Msondo wa damu. Rafiki yake wa utotoni, ambaye mimi namwita baba mdogo, alikuwa Sikinde. Yaani hawa wawili walibishana kuhusu bendi hizo miaka nenda rudi, mpaka mama akawa anawafukuza sebuleni!

Wakaenda msibani Kisarawe pamoja. Baba aliniambia baadaye kwamba njia nzima alikuwa anasubiri utani, maana Sikinde hawaachi, hata kwenye msiba. Utani haukuja. Walipofika karibu, baba mdogo akasema tu, "Huyu ni wetu pia." Na kweli. Mlimani Park ilipoanza mwaka 1978, Gurumo alikuwa miongoni mwa walioisimamisha, yeye na akina Abel Balthazar, Cosmas Chidumule na Hassan Bitchuka. Mwaka 1985 akahama tena, akaenda Orchestra Safari Sound, ile Ndekule, kisha akarudi alikotoka. Hebu niambie, unamgawaje mtu wa namna hiyo? Aliyemlilia kama Msondo na aliyemlilia kama Sikinde walikuwa wanamlilia mtu yule yule.

Lakini kinachonirudia mimi zaidi ni cha mwaka mmoja nyuma. Mwaka 2013 mzee alitangaza kustaafu, baada ya miaka 53 jukwaani, na akasema wazi kwamba hana hata baiskeli. Miaka 53! Wanamuziki wa rika lake walikuwa waajiriwa wa bendi, wanarekodi Redio Tanzania, wimbo unapigwa mpaka watoto wao wanazeeka, na mfukoni patupu. Basi siku Diamond Platnumz anazindua video ya Number One, akamwita mzee na kumkabidhi gari, Toyota Funcargo.

Maneno yakaanza. Eti anatafuta sifa. Eti si angempa kimya kimya? Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye kundi hilo la kunong'ona, sikufichi. Leo naona tofauti. Tuseme kweli alitaka sifa, sawa, haya. Mzee alipata gari akiwa hai, akashika funguo kwa mkono wake. Kati ya siku ile na kifo chake pale Muhimbili ilikuwa miezi minane hivi. Sisi tuliokuwa na nia safi kabisa, tulimpa nini?

Na hapa ndipo ninapojikuta pabaya. Baba naye ameshatangulia. Ameniachia boksi la kanda, karibu zote Msondo, na chini kabisa nikakuta kanda mbili za Sikinde zimefungwa kwenye gazeti. Msaliti mkubwa! Nilicheka peke yangu, kisha nikalia. Halafu nikakumbuka kwamba baba mdogo yupo, anaishi mwendo wa daladala mbili tu kutoka kwangu, na sijamtembelea tangu arobaini. Kila mwezi nasema mwezi ujao. Kwenye msiba wake najua nitafika wa kwanza, na mchango nitatoa mnono.

Juzi nikapiga simu. "Shikamoo baba mdogo." "Marahaba mwanangu, nani mwenzangu?" Aibu gani hiyo, msomaji! Nikamtajia jina, nikamwambia nimekuta Sikinde kwenye boksi la baba. Kimya. Nikadhani simu imekatika. Kumbe mzee anacheka, anacheka mpaka anakohoa.

"Nilijua tu," akasema. "Njoo nazo Jumamosi. Na uje na redio ya kanda, ya kwangu imekufa."

Redio ya kanda siku hizi inapatikana wapi? Mwenye nayo aniambie kabla ya Jumamosi, tafadhali.